Kinachoandama

Togzhan ana kazi ya shule: aandike maana ya setelaiti.
Ameleta daftari jikoni kwa bibi yake, Kulyash,
anayekwangua ukoko wa maziwa chini ya sufuria.
Kwanza nawa mikono, anaambiwa.

Kwa Kikazaki neno ni serik, mwenzi wa njiani.
"Babu yako aliitwa Serikbol. Yaani, uwe mwenzi.
Hakuwa. Alikuwa dereva wa lori."
Akacheka peke yake, akafuta meza pale palipokuwa safi.

Andika mwezi, basi. Mwezi huandama.
Andika ile sahani juu ya paa,
alizeti iliyokataa kufuata jua.
Theluji ikiijaa, runinga inapiga chenga,
na jirani Baurzhan hupanda na ufagio kabla mechi haijaisha.

Andika kile chuma cha bondeni.
Kilianguka mwaka wa ukame, tulikisikia kabla ya kukiona,
ngamia wakakimbia siku mbili.
Setelaiti yenyewe ilishapita, ikaenda zake;
sisi tukaachiwa kilichoibeba.
Babu yako alikikata, akakifanya hori.
Kondoo wanakunywa humo hadi leo.

Na kuna nchi.
Alipokuwa askari walimpeleka Hungaria,
nchi iliyoitwa setelaiti.
Mama muuza cheri alimruka kwenye foleni,
akamhudumia aliyekuwa nyuma yake.
Alirudi akisema: wale hawakuzunguka popote, Kulyash,
waliozunguka ni sisi, usiku kucha, na bunduki.

"Na kwa baba?" mtoto anauliza.
Kwa baba ni nje ya Almaty, maghorofa kumi na sita yaliyofanana,
mji setelaiti, bango limeandika hivyo.
Asubuhi basi humpeleka. Jioni humrudisha amelala.

Mwalimu kasema zamani sana, kwa Kilatini,
setelaiti alikuwa mtu:
mlinzi, atembeaye nyuma ya mfalme na silaha.
Kulyash anaweka chini kisu alichoshika.

"Huyo simjui.
Ninayemjua aliondoka alfajiri, akarudi,
akaondoka, akarudi, miaka thelathini na minane.
Sikumwita. Sikumfukuza.
Nikisikia injini kilimani, naweka maji motoni."

Togzhan anauliza jina lile linaandikwaje.
Daftari lina mistari miwili tu ya jibu,
na mmoja umeshajaa Serikbol.