Upande wa Nyuma wa Jiwe

Miaka thelathini na moja nimekata nyasi hapa
penye njia panda ya Tallow Fork, Tenesii,
na kabla sijarudisha funguo za banda
acha niseme ninavyolijua jiwe hili,
maana kibao cha shaba kimebana maneno.

Mwanzo halikuwa jiwe. Ilikuwa jozi ya buti.
Alfajiri ya Februari, hamsini na saba,
basi la Stidham na wenzake
lilikutana na treni ya makaa
pale reli inapokata barabara.
Kesho yake mtu, hajulikani nani,
akatundika buti kwenye nguzo ya ua.
Hollis Eubanks, mwenye shamba, alifoka:
watu wanamkanyagia ngano!
Hata hivyo jioni alitoka, akazipindua
soli juu, zisijae mvua.
Kwangu mimi huo ndio uzinduzi.

Wakaja akina mama wa kanisa la Betheli.
Miaka saba walioka pai za tufaha,
kipande senti kumi na tano,
hadi senti zikawa itale kutoka Jojia,
nyeusi kama masizi ya sufuria.
Mchongaji akameza herufi:
Delphia akawa DELPHA.
Mama mtu akaja na mkongojo wake,
akalitazama jina kitambo, akasema liacheni,
hata redioni hawakuwahi kulipatia.

Sabini na nane, barabara ikapanuliwa.
Trekta likalibeba jiwe hatua themanini kaskazini,
kwa hiyo wageni huvua kofia
mahali ambapo hakufa mtu.
Sicheki. Huzuni nayo
huhitaji pa kuegesha gari.

Wapo wanne:
Orval Stidham, gita.
Wendell Kuykendall, fidla.
Cletis Bohannon, na lile gita la chuma
alilolilaza mapajani kama mtoto mwenye homa.
Delphia Rudisill, sauti.
Husemwa asiyekuwepo na lake halipo;
hawa hawapo, na wana taa, bendera,
na Jumamosi yao nzima ya Juni.
Asiyekuwepo hasa ni wa tano.
Usukani: Ruel Teague.

Mjane wake, Arvilla, alifika barazani kila Machi.
Daftari la vikao linasema,
*Bi. Teague ameomba tena.*
Linasema, *Amekumbushwa kuwa mnara ni wa wanamuziki.*
Mwaka mmoja tu karani aliyaandika maneno yake:
*Aliimba usiku kucha asisinzie.
Hao wenu walikuwa wamelala.
Saa ile mwanamuziki alikuwa nani?*
Chini yake: *Hakukuwa na hoja nyingine.*

Kiangazi changu cha tatu
nilipiga magoti nyuma ya jiwe, nang'oa magugu,
vidole vikasoma kabla ya macho:
RUEL,
mikwaruzo ya msumari,
kisha mgongo wa T, bila kichwa.
Msumari ulichoka, au mkono.

Sikumwambia mtu.
Tangu siku hiyo nilizima mashine hatua moja kabla,
nikaacha nyasi zisimame kimo cha shubiri.
Msimamizi akauliza, nikajibu: nyigu.
Miaka ishirini na minane ya nyigu.
Arvilla alipozikwa nilisimama mbali na kaburi
na harufu ya petroli mikononi.

Jumatatu anaanza kijana, Tobin Sizemore.
Ana mashine mpya isiyo na kelele
na macho yasiyoruka kitu.
Nilitaka kumfundisha kuhusu nyigu.
Ulimi ukakataa.

Basi jana, magari yalipopungua,
nilichukua mkasi wa kondoo
nikazikata nyasi zile mwenyewe, shada kwa shada,
hadi jina likapigwa na jua.
Nikatoa msumari. Nikaivika T kichwa chake.
Itale ni ngumu, wallahi; herufi moja
imenila jioni nzima na ngozi ya kidole gumba.

Zimebaki tano.
Msumari nimeuacha juu ya jiwe.
Tobin atauliza ni wa nani.