Miduara ya Mfupani

Juni tatu, na barafu bado imeng'ang'ania ukingo wa ziwa.
Ravdna anavua glavu kwa meno,
anamshika chura kiunoni kama mtu ashikaye sabuni,
anamlaza juu ya rula ya chuma.
Kutoka puani hadi mwisho wa mgongo: sitini na nane.
Wino umeganda. Naandika kwa penseli.

"Mtoto huyu," nasema.
Ravdna hanijibu. Anakata ncha ya kidole,
ndogo kuliko punje ya mchele,
anaitia kwenye kichupa, anamrudisha mwenyewe majini.

Mimi ni wa Skåne, kusini, kwenye mashamba ya viazisukari.
Kwetu vyura huanza kunguruma Machi,
kama pikipiki inayokataa kuwaka nyumba ya tatu.
Chuoni nilifundishwa: baridi hukuza mwili,
kwani chungu kikubwa hukawia kupoa.
Nikaandika, nikapata alama zangu, nikaamini.

Lakini chura hana jiko.
Joto lake ni la kukopa, na jua halikopeshi usiku.
Na chungu kinachokawia kupoa
hukawia vilevile kupata moto.

Basi tulipanda na nchi, ndoo mkononi,
dimbwi kwa dimbwi, kilomita elfu moja na mia tano.
Kusini, wa wastani.
Katikati, nyuma ya Umeå, wakawa kama ngumi ya seremala,
nikamwandikia profesa: kitabu kimesema kweli!
Kisha miti ikaanza kufupika,
na vyura nao.
Mstari wangu kwenye karatasi ukapanda, ukasita,
ukashuka upande wa pili.
Sikumwandikia tena.

Usiku usio na giza, kwenye kibanda,
tunakata mfupa vipande vyembamba, tunautia rangi ya zambarau.
Chini ya hadubini miduara inajitokeza:
kila baridi chura huacha kukua,
na mfupa huliandika hilo kwa mstari mweusi.
Wa kwetu Skåne: minne.
Wa Umeå: saba, yenye nafasi ya kupumua.
Yule niliyemwita mtoto —
nahesabu, napangusa kioo, nahesabu tena —
kumi na moja,
imebanana kama mwandiko wa mtu aliyeishiwa karatasi.

Kumi na moja! Umri wa mpwa wangu.
Miaka kumi na moja ya majira ya joto ya wiki kumi,
na katika hizo kula, kukimbia korongo,
kutafuta mwenzi, kurudi chini ya barafu.
Wa katikati hukawia kuzaa, wakapata muda wa kunenepa.
Huyu naye alikawia. Muda alikuwa nao. Kiangazi ndicho hakukipata.

Nyumbani kwao Ravdna, Gárasavvon,
mwimo wa mlango wa jikoni una alama za penseli,
yeye kushoto, kaka yake Niillas kulia, kila Agosti.
Alama mbili za Niillas karibu zigusane:
mwaka mvua iliponyesha juu ya theluji, ikaganda,
na kulungu wa baba yao wakakwaruza kioo wakitafuta malisho.
Niliziangalia mno.
"Usitufanye vyura," Ravdna akasema, akimimina kahawa.
"Niillas alikuwa mgonjwa. Na ufupi wangu ni wa mama."

Kweli. Na ndilo swali lenyewe: cha mama ni kipi,
na cha majira ni kipi?
Tulichukua mayai ya Skåne na ya hapa,
tukayalea kwa maji ya joto moja, chakula kimoja.
Nilitegemea wa kwetu watangulie.
Viluwiluwi wa kaskazini wakaota miguu kwanza,
wakawaacha wangu wakizunguka beseni
kama wageni waliofika sherehe mapema.

Hao ndio wadogo. Hao ndio wenye mbio.
Sijui niliweke wapi hilo kwenye mstari wangu.

Nje, mbu wameamka.
Ravdna anaita: ndoo ina mwingine.
Navaa buti. Safari hii, kabla ya rula,
sisemi kitu.