Kumi na Mmoja

Alhamisi jioni, chumba cha juu, kilimani Bugando.
Umeme umekatika, dirishani ziwa bado lina mwanga,
nasi tunasoma kwa tochi ya simu ya Lugwisha,
daktari wa upasuaji, asiyeamini asichokipasua.

Makala ya leo ni ya kichocho:
watoto mia nne na ishirini, dozi mbili badala ya moja,
majibu yamesuguliwa yakang'aa kama sufuria la harusi.
Kulwijila wa famasia anatoa nyota tatu kabla ya chai.
Nyanjura wa macho anasema takwimu zimenyooka,
ingawa macho, anakiri, hayamo.
Lugwisha anauliza dawa ililipiwa na nani.
Tunafunua. Ukurasa wa mwisho, herufi za sisimizi:
na mwenye dawa.

Mimi ni wa watoto. Nimekwama jedwali la pili,
mstari wa chini, pale jicho hujichokea:
*kumi na mmoja hawakupatikana.*

Hawakupatikana na nani?

Mwezi ukijaa, taa hazivuti dagaa.
Kambi hukunjwa, turubai, masufuria, kuku mmoja,
leo Kayenze, kesho kisiwa kisicho na zahanati.
Mtafiti akifika siku ya tisini na daftari lake
anakuta mafiga na majivu,
anaandika alichokiona.
Na mtoto yuko ng'ambo, majini hadi magotini,
tumbo limemtangulia.
Asiyekuwepo na lake halipo:
methali ile, sikujua kama ni kanuni ya hesabu.

"Kumi na mmoja kwa mia nne," anasema Lugwisha,
"hata wangekufa wote, jibu halitikisiki."
Kweli. Nimepiga hesabu mara mbili, kwa kalamu.
Halitikisiki.

Basi nimeandika: *Isomeni. Kazi safi.
Mganga wa mwaloni ataitumia kesho asubuhi.
Nyota mbili.*
Wameniuliza ya tatu iko wapi.

Wodini kwangu, kitanda cha sita, kuna Holo, miaka tisa.
Juzi alitapika damu, beseni zima.
Mama yake anasema vidonge walipewa,
mara moja, na watu wapole wenye daftari,
waliosema watarudi.

"Sisi ndio tulihama," anasema,
kama anayeomba radhi.