Ukurasa wa Sitini na Tano

Chumba chetu kiko nyuma ya ghala la nta, Gongoni.
Mlango wa mninga haufungiki mpaka uuinue kidogo
kama unavyomwinua mgonjwa ukimbadilishia shuka.
Bango lasema CHAMA CHA HISTORIA CHA M,
herufi nyingine zilidondoka mwaka wa mvua kubwa.
Ndani: makabati manne, meza moja,
na ndoo tatu za masika.

Ndoo nazijua mimi.
Ya kwanza hukaa juu ya stakabadhi za kodi ya kichwa,
ya pili juu ya barua za mabwana shamba wa tumbaku,
ya tatu inahamahama,
maana paa nalo lina historia yake
na haliisemi yote kwa siku moja.

Usidhani kumbukumbu ni kitu cha fahari.
Fungua muhtasari wa mwaka sitini na saba:
wajumbe tisa, watatu wametoa udhuru,
ajenda ya nne sukari ya chai, ikazua ugomvi.
Bwana Nzige Kapufi alisema, na imeandikwa kwamba alisema,
"Tutatunzaje karne nzima na kilo ya sukari imetushinda?"
Mhazini hakujibu.
Imeandikwa pia kwamba hakujibu.
Nampenda karani yule aliyeandika ukimya.

Sasa, daftari la wapagazi.
Jalada ngozi ya mbuzi, safu nne:
jina, kijiji, uzito wa mzigo,
na ya mwisho, nyembamba: amefika, hakufika.
Linakatika ukurasa wa sitini na mbili,
linarukia sitini na tisa.
Hapo katikati mchwa hawakugusa. Wembe ulipita.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga;
hawakusema daftari likipotea
habari aipeleke nani.

Bi Mwashi Msonde alitoka Sikonge mara saba
kumtafuta baba wa babu yake.
Mara saba nikamwambia, "Huenda yumo katika zile zilizotoka,"
naye akaniambia, "Basi andika kwamba nilikuja."
Nikaandika. Kitabu cha wageni kinamjua kuliko majirani zake.

Juzi nipo stesheni, gari la Kigoma limechelewa,
nikanunua karanga za mia tano.
Kijana akasokota karatasi ikawa pembe, akajaza.
Nilishakula nusu
ndipo nikaona wino wa zambarau ukisema
*frasila mbili kasorobo*.
Karanga zote nikazimwaga mapajani.

"Karatasi hizi unazitoa wapi?"
"Sandukuni kwa bibi. Lakini zimeisha, mzee, hiyo ya mwisho."
Zilizobaki zimesafiri.
Zimetupwa madirishani Urambo, Kaliua, Uvinza,
pembe tupu, na watu ndani yake.

Nimeinyoosha chini ya kamusi siku tatu.
Mafuta yameifanya ing'ae kama kioo cha taa:
ukiishika dirishani, pande mbili zinasomeka pamoja,
ya sitini na tano na ya sitini na sita,
jina juu ya jina,
na penye *amefika* ya mtu wa mbele
inachungulia *haku* ya mtu wa nyuma.
Nimegeuza, nimegeuza tena.
Mstari wa kumi na moja: Mso, kisha doa.

Nimesajili hivi:
Karatasi moja, pande mbili. Harufu ya karanga.
Imenunuliwa stesheni, shilingi mia tano,
ambazo mhazini wa sasa hajazirejesha.

Bi Mwashi alikuja mara ya nane.
Hakusoma kwanza. Aliinusa.
Kisha akaweka kidole penye doa, akakiacha pale,
na mvua ikaanza, nami sikuthubutu kumwambia asogee
niiweke ndoo ya tatu.