Makabidhiano ya Stoo Namba Mbili

Sikudhani, funguo ni tatu.
Huu wa shaba wa geti, huu mfupi wa mlango wa chuma,
huu wa tatu sijui ni wa nini.
Nami niliupokea hivyo hivyo.

Kushoto ni betri, balbu za zebaki, rangi zilizoganda.
Vyote vina karatasi, vyote vina pa kwenda.
Usihangaike navyo.
Njoo huku nyuma.

Hili ndilo pipa.
Lita mia mbili, la bluu, limepakwa rangi mara nne,
mara mbili kwa mkono wangu.
Ndani mna toluini ya maabara iliyofungwa zamani
na ndani ya toluini mna tritiamu.
Sumu moja ina harufu. Ya pili haina hata sauti:
kipimo cha mkononi hakiisikii,
ndiyo maana watu huliegemea wakiongea na simu.

Tritiamu ni mdeni mwenye haya.
Kila miaka kumi na miwili hulipa nusu,
kisha nusu ya iliyobaki,
haimalizi, lakini inalipa.
Toluini hailipi kitu. Inakaa inatafuna bati.

Alikuja Bwana Mfaume wa ofisi ya mionzi,
kibati chake kifuani, akaandika:
*Lisubiri hapa hapa mpaka lipoe.*
Wiki ya pili akaja Bi Leokadia wa kemikali,
buti za mpira, pua juu kama anayenusa uongo, akaandika:
*Lisikae. Siku tisini, liwe limetoka.*
Liende wapi, Bi Leokadia?
Tanurini.
Nikapiga simu tanurini. Wakauliza, lina mionzi?
Nikasema kweli.
Nilisikia simu ikiwekwa chini taratibu, kama mtoto aliyelala.

Popo alidaiwa kodi ya ndege, akaonyesha meno;
akadaiwa ya wanyama, akakunjua mabawa.
Hili halijakwepa kodi, mwanangu.
Hili limezunguka na hela mkononi
likitafuta dirisha lililo wazi.

Masika yale Msimbazi ulipoingia Vingunguti
maji yalifika hapa, ona, pale chokaa ilipobadilika.
Mimi na mlinzi Mwinyimvua tulilipandisha juu ya tofali
kwa jeki ya muuza chuma chakavu.
Alitusaidia mpaka saa nane za usiku, hakutaka malipo.
Alipomaliza, alilipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa mnada:
"Hili mnaliuza bei gani?
Kwangu maji hutoka Jumanne tu.
Mke wangu angelisugua kwa majivu, likatakata."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
halafu nikaenda kununua kufuli la pili.

Kila Ijumaa pitisha kiganja chini yake.
Kiganja kikirudi kikavu, andika *kikavu*.
Hiyo ndiyo kazi yote.
Barua nimeandika thelathini na moja, zipo kwenye faili la njano;
wewe anza na ya thelathini na mbili,
na waombe waje siku moja, wote wawili,
wakae kwenye benchi moja, mbele ya pipa moja.
Chai utawanunulia wewe. Bajeti haina.

Kwenye daftari kuna safu ya mwisho, *Lilikopelekwa*.
Usiijaze kwa kunionea huruma.

Haya. Tia sahihi hapa.
Kandamiza kalamu, nakala ni tatu.