Mviringo wa Mkono

Mie ndo mpimaji.
Hapa Limbani, Wete, anayetaka gauni la harusi
hunyoosha mikono, akavuta pumzi, akaficha tumbo,
nami humwambia: achia, mwanangu, kitambaa hakidanganyiki.
Kifua, kiuno, nyonga, urefu hadi kifundo:
daftari zima nimelijaza miili ya watu.
Wangu sijauandika.

Siku ile nilikwenda kituo cha afya kwa jambo jengine.
Nasra kajikata na wembe wa kufumulia mishono,
nimemshika kidole ndani ya kipande cha melimeli.
Nesi akamfunga, kisha akanitazama mie.
"Na wewe, macho yako yamefanyaje? Hebu kaa."
Akanizungushia kile kitambaa cheusi,
kikafura, kikabana kama lastiki iliyokazwa na fundi mwanagenzi,
kikashusha pumzi polepole.
Akapima tena. Mkono wa pili. Hakusema kitu.
Nakijua kimya kile:
ndicho ninachokaa mie kitambaa kinapopungua
na mwenyewe yuko mbele yangu anacheka.

Mia na sitini na nane, juu ya mia na nne.
Nikamwambia, hiyo si nambari ya mtu, ni ya pazia.
Hakucheka.
"Una miaka mingapi?" Thalathini na mbili.
"Na mimba yako ilikuwaje?"

Kwani nani aliwahi kuniuliza?
Usiku aliozaliwa Nasra nilivimba hata pete ikakatwa kwa koleo.
Nikaona nyota, zimemwagika kama shanga,
nikaamka siku ya pili naambiwa:
kifafa cha mimba, kimekwisha, mtoto huyu, nenda nyumbani.
Nikaenda nyumbani.
Miaka saba. Sikujua kama moyo nao una daftari lake,
na haufuti.

Na mama? Mama alianguka jikoni, arubaini na moja,
mwiko mkononi, mdomo umekwenda upande.
Walisema kapigwa na upepo. Wakafukiza, wakasoma,
wakamwandikia kombe asiloweza kulimeza.
Mie siukatai upepo. Nauliza tu:
upepo ule, kuna aliyeupima?

Wifi yangu Bikombo kasikia, kaja na maneno yake.
"Presha! Maradhi ya watu wazima, wewe unayatakia nini?
Hujanenepa, huna mjukuu. Hiyo hasadi tu,
watu wanayaonea choyo magauni yako."
Sikubishana. Nilikuwa nakata kanga yake, na nahesabu:
ng'onda wa chumvi kwa muhogo, kila usiku,
achari juu yake;
soda za kopo za kukeshea, wiki tatu kabla ya Idi;
mume Muskati, mwaka wa nne, simu ya Ijumaa;
kisogo kinagonga, nami nakifuata
kwa mguu, juu ya pedali ya cherahani.

Vidonge nimevitia kwenye kopo la vifungo.
Nasra ndiye anikumbushaye: "Mama, kifungo chako."
Vyeupe, vidogo, havina matundu.
Kuna siku nilivisahau. Kuna siku sikuvisahau,
nilivitazama tu, nikafunika kopo,
nikajiambia kesho, kwani leo naumwa nini?
Ndio ubaya wake, haiumi.
Nguo huachia kwa mshono wa ndani,
na nje maua yake yote yamekaa sawa.

Jana kaja Zuwena, mwalimu wa chekechea,
ishirini na sita, anaolewa Mfungo Mosi.
Kanyoosha mikono. Kifua. Kiuno. Nyonga.
"Fanya haraka, dada, kichwa hichi tangu juzi."
Futi ikanisimama juu ya kiwiko chake,
pale pale.
Nikaandika: mviringo wa mkono, ishirini na nane.
Chini yake nikapiga mstari, nikaacha nafasi.
"Na hapo pa nini?"
Hapo, nikamwambia, kipimo chake sinacho mie.
Ngoja nivae buibui langu, twende.
Gauni litangoja.