Mita Tatu za Kosa

Nilipakua ramani usiku, bando la mwisho mwisho,
Nakuru mpaka Maseno,
na vinukta vya kijani vikajipanga kando ya barabara
kama kunguni kwenye mshono wa godoro.
Ambani akacheka: "Watu wazima, likizo ya siku tatu,
tukachokore mikebe ya watu vichakani?"
Asubuhi ndiye aliyetangulia garini.

Salgaa, nyuma ya malori yaliyolala.
Simu ikasema: umefika, kosa mita tatu.
Mita tatu ni nyingi ukiwa umepiga magoti
kwenye nyasi zenye harufu ya dizeli.
Dokezo lake lilikuwa hili:

     Nina mguu, siendi,
     kifuani nina namba;
     nyuma yangu, kama hundi,
     kitu kidogo nafumba.

"Jiwe la kilomita!" akapiga kelele Ambani,
"Kenya hii hata jiwe lina kitu kidogo!"
Mkebe wa dawa ya kikohozi, sumaku, kifungo cha koti,
karatasi iliyosokotwa kama ugoro.
Tukaandika majina yetu chini ya wengine.
Juu yetu kabisa, wino wa buluu:
*Cheptanui na Okelo.*

Mau Summit tukawakuta tena, ndani ya kopo la siagi:
*Cheptanui na Okelo. Baridi! Tumenunua viazi vingi mno.*
Nasi tukanunua viazi.

Londiani, mshale ulizunguka ukakosa pa kuelekea.
Picha ya setilaiti ilionyesha mvinje,
kivuli chake kirefu, cha asubuhi ya mwaka fulani.
Mbele yetu palikuwa na lami mpya na mtaro wa saruji.
Kijana mwenye kondoo sita akasimama kututazama.
"Mmepoteza nini?"
"Hatujapoteza."
"Sasa mnatafuta nini?"
Ambani akanitazama mimi, nami nikaitazama simu,
na simu ikashikilia kwamba mti upo.

Kericho kulikuwa na manyunyu.
Kisanduku kilikuwa chini ya ukingo wa shamba la chai,
daftari lake limevimba kama andazi.
*Okelo kateleza, suruali basi tena. — Cheptanui*
Na mkono mwingine, wa haraka: *mwongo huyu.*
Nilicheka peke yangu mpaka Kapsoit.
Kwa nini nilifurahi hivyo, sijui;
sijawahi kuwaona, lakini kila kituo
nilianza kuwatafuta wao kabla ya mkebe.

Ahero, yangeyange wamesimama mashambani mwa mpunga,
jua kama mtu amelisahau jikoni.
Chupa ilifungwa kwa waya chini ya bomba la mfereji.
Nikaifungua kwa meno.
Wino ule ule, tarehe ya miezi kumi na minne baadaye:
*Okelo na*

Basi.
Neno "na", kisha nafasi nyeupe,
kisha jina la mtu mwingine kabisa, kutoka Kakamega.

"Labda kalamu iliisha," akasema Ambani.
Labda.
"Labda mvua ilianza."
Labda. Niligeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.
Ramani ilijua mfereji, ilijua bomba,
ilijua dakika za kufika Kisumu kukiwa na foleni Nyamasaria.

Maseno, tarakimu zilishuka moja moja
hadi zikawa sufuri zote, kusini kukaisha.
Watu walipiga picha, mguu huku, mguu kule.
Sisi tulipapasa nyuma ya ukuta mfupi,
tukapata kopo, tukapata daftari.
Nilisoma kurasa zote kumi na moja.
Hawakuwamo.

Ambani akanipa kalamu. Niliandika *Ambani na*,
nikajikuta nimesimama hapo, kalamu hewani,
hadi akanigusa kiwiko: "Umesahau jina lako?"

Usiku, kwa mama mkwe, viazi vya Mau vikichemka,
simu iliniuliza mkebe kwa mkebe: umepata?
Salgaa, ndiyo. Londiani, hapana.
Nilipofika Ahero kidole kilisita
mpaka kioo kikazima.